Toa Kivuli

Kaka Yona,

Shikamoo. Najua hukuipenda. Kila nilipokuamkia ulisema nakuzeesha, kwamba shikamoo zangu nizipeleke kwa mama yako kule Kibakwe. Leo utaipokea tu, maana huna namna ya kunikatiza.

Studio ipo palepale Nzuguni, na mimi bado nipo. Nimebadilisha pazia tu, lile la bluu lilikuwa limechoka na wewe ulikuwa unalihurumia bure. Kiti chako nimekigeuzia ukutani. Sikikalii na sitaki mtu akikalie, kwa hiyo wateja wanadhani kimevunjika.

Kichwa kikiniuma siku hizi nazima kompyuta na kwenda kupima presha. Wewe ulisema ni mwanga wa skrini. Ulisema ukipata miwani kitaacha, ukanunua miwani, ukaivaa mbele yangu, tukacheka ulivyofanana na mhubiri. Haikuwa skrini. Nimeikasirikia sana ile miwani, na wewe nimekukasirikia zaidi, na hasira yenyewe bado haijaisha.

Jumamosi tunakwenda Kibakwe kuweka msalaba kwenye kaburi lako. Baada ya ibada watu wataonyeshwa video ya kumbukumbu, na kaka yako Amosi amenipa mimi hiyo kazi. Alikuja hapa kutoka ofisini kwake na tai yake (ninyi ndugu mligawana vizuri, wewe ukachukua utani, yeye akachukua tai), mkononi ana picha yako ya kitambulisho. Alitaka picha hiyo ikuzwe, jina lako lije juu yake kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, na muziki wa taratibu chini. Nikamwomba anipe muda nitafute video ambayo wewe umo.

Hakuna. Nimepekua diski moja baada ya nyingine. Nimetazama harusi za watu wa Msalato, sendofu, vipaimara, mahafali, na kote huko ulikuwa nyuma ya kamera. Hukuoa, kwa hiyo hata harusi yako haipo. Kilichojaa humo ni sauti yako. Bibi harusi anakata keki, wazazi wanafuta machozi, na pembeni unasikika unanigombeza: "Tabitha, toa kivuli."

Hayo maneno yalinitesa nilipoanza kazi, unakumbuka. Tukiwa nje kwenye shughuli, "toa kivuli" ilikuwa na maana nisogee, kivuli changu kimeingia kwenye picha. Ndani ya studio ilikuwa kinyume chake: fanya maandishi yatoe kivuli, kama mti unavyotoa. Hakuna aliyeniambia. Ukaniachia video ya harusi, majina ya maharusi yamesimama kwenye majani mbele ya kanisa, vivuli vyake bado hafifu. Ukasema ukiwa mlangoni, unawahi mteja, "Hayo majina toa kivuli vizuri." Nikatoa vizuri. Nikavifuta mpaka pasibaki hata alama, nikakaa nikisubiri kusifiwa. Uliporudi ulitazama, kisha ukasema, "Sasa watoto wa watu umewaacha wanaelea." Ukacheka mpaka ukashika meza.

Kesho yake ulikata herufi kwenye boksi la sabuni, ukazisimamisha nje kwenye udongo karibu na bomba, tukachuchumaa kuzitazama. Ulinionyesha kwamba kivuli kinaanzia mguuni mwa herufi, pale pale inapogusa chini, na hapo ndipo kimekolea na kingo zake zimenyooka. Kikienda mbali kinafifia na kulegea. Kikiachana na mguu hata kidogo, neno linaelea, na mtazamaji hatajua kosa ni nini ila hataliamini. Ukanionyesha pia kwamba si cheusi, kina wekundu wa udongo wetu. Ile programu inakuja na jua lake lililokwishapangwa juu kushoto, asubuhi hapo, jioni hapo, nawe ulikuwa unalicheka: "Hilo jua halijawahi kufika Dodoma." Mpaka leo nikipita mtaani natazama miguu ya nguzo za umeme. Majirani wameshaanza kuniogopa.

Nilikupata kwenye diski ya mwisho. Ulikuwa umekwenda nyumbani Kibakwe, ukawasha kamera uani asubuhi, labda ulikuwa unajaribu lenzi. Mama anapepeta uwele, ungo unapanda na kushuka. Jua lipo mgongoni mwako. Na kutoka chini ya picha kimeingia kivuli chako, kirefu, kimevuka ua mpaka karibu na miguu ya Mama. Bega la kushoto limeshuka kwa uzito wa mkoba wa kamera. Wewe uliyenifukuza kwenye picha za watu siku zote ulijisahau. Au hukujisahau. Hilo linanisumbua, kwa sababu kivuli kimetulia pale, hakiondoki, na wewe hukuwa mtu wa kuona kosa la namna hiyo ukaliacha.

Kwanza mkono wangu ulifanya kile ulichoufundisha. Nikalisimamisha jina lako juu ya kivuli likakifunika chote, halafu nikalitengenezea jina kivuli chake. Likakaa vizuri sana, ungenisifu. Mimi nikajisikia vibaya na sikujua kwa nini.

Kisha Kaka Amosi akaja na Mama, aliyekuwa mjini kupima macho. "Mbukwa, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo, akakaa karibu kabisa na skrini. Nilianza na video yenyewe, kabla ya jina. Macho hayo hayo wanayosema yameharibika yalikuona kabla sijamweleza kitu. "Huyu Yona," akasema. Akaweka kidole juu ya lile bega lililoshuka. "Alikuwa hajanywa uji. Nilimwambia aweke hiyo mashine chini, anywe uji kwanza." Nikamwonyesha na ile yenye jina. Akatazama, akanigeukia. "Mbona umemfunika?" Nilimwahidi kwamba sitakufunika.

Mama alipotoka, Kaka Amosi akabaki mlangoni. "Tabitha, mdogo wangu," akasema, "toa kivuli." Akasema watu watanong'ona kwamba tumewaletea mzuka kwenye ibada, kwamba picha ya kitambulisho inatosha na ina heshima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimbishie. Ndipo akaongeza, bila kunitazama, "Mimi siwezi kukaa mbele nikakitazama." Tai ilikuwa imekaa upande na hakuwa na habari nayo.

Ndivyo nilivyojikuta katikati ya nyumba ambayo si yangu. Nikimsikiliza Kaka Amosi, Mama atakaa mbele ya watu akimtafuta mwanawe kwenye ule ua asimwone, na hakuna mahali pengine pa kumwona. Nikimsikiliza Mama, nitamuumiza kaka yako siku ambayo mzigo wote upo mabegani mwake. Wa kumuuliza ungekuwa wewe. Nimelia juu ya hilo kuliko nilivyolia msibani, maana msibani kulikuwa na vyombo vya kuosha.

Jana asubuhi nilichukua boksi la sabuni, nikakata herufi za jina lako, nikatoka nazo mpaka bombani. Nikazisimamisha. Nikasimama nyuma yake, jua mgongoni, kama ulivyosimama siku ile. Kivuli changu kikazipita herufi kikaenda zake. Nikarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka nikizitazama herufi miguu yangu ikawa haionekani tena, kama kwenye picha, nikakumbuka kivuli kinaanzia wapi. Chako kinaanzia chini ya picha, pale miguu yako ilipokuwa na hakuna anayeiona.

Basi jina nimeliweka hapo, chini kabisa, na upana wake ni upana wa mabega yako. Herufi haziruki, najua ulivyochukia maandishi yanayoruka. Zinaingia moja moja kwa mwendo wa mtu, zinasimama, zinatulia. Sikuliwekea kivuli. Linatumia chako. Fundi mwenzetu akitazama atasema kivuli hakifanani na herufi, na atakuwa amesema kweli. Kinafanana na mtu.

Picha ya kitambulisho nimeiweka mwanzoni, na dhahabu yote aliyoitaka kaka yako. Kisha nikampigia simu, nikamweleza jinsi nilivyofanya, kwa sababu sikutaka akutane nacho mbele za watu bila kujua. Nikasikia anavuta pumzi, halafu simu ikakatika. Sijui kama alikata au alishindwa. Sijui kama Jumamosi ataniacha niwashe projekta. Mama ametuma salamu kwamba atakaa mstari wa mbele, na kwamba atakuja na uji kwenye chupa ya chai, hakusema ni wa nani.

Naogopa, Kaka Yona.

Lala, kaka yangu. Nakuahidi sitamwekea mtu yeyote jina lake juu ya udongo kabla sijatoka nje kuangalia jua lipo wapi. Na Jumamosi nitasimama nyuma kabisa ya projekta, mahali ambapo kivuli changu hakitaingia. Kaka Amosi akinijia pale na kuniuliza aliniambia nifanye nini, nitamjibu kwa maana tuliyoitumia sisi wawili humu studio. Aliniambia nitoe kivuli. Nimekitoa.

Mwanafunzi wako,
Tabitha