Sungura namba nne

Lazarus, nimechinja sungura wa utafiti.

Juzi kibanda chake kilivuja mvua, nikamhamishia kwa wale wa nyama. Nikasahau. Leo wageni wa mkubwa wamekuja, nikashika yule mnono.

Wakiwa mezani, Christabel wa maabara akaja kumtoa damu yule wa utafiti. "Mzee Weldon, namba nne yuko wapi?"

Nikaangalia sufuria.

Hakupiga kelele, ndugu yangu. Alisema tu, "Damu yake pekee ndiyo iliyotengeneza kingamwili za kushika kile kimeng'enya kinacholegeza kuta za seli chai ikichipuka."

Damu yake pekee! Wale wengine sita wa utafiti walidungwa bure.

Nimechoka hata kujitetea.

Miezi minne imeenda, na sindano tano alizodungwa ili atengeneze hizo kingamwili. Wageni watatu walishiba, mmoja akaongezwa mchuzi.