Gari la Baba Mkwe Limeondoka na Mwenyewe

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka leo, sina pa kuuficha huu uso.

Si unalijua lile gari bovu la baba mkwe, lililokaa uani miaka ishirini na mbili likisubiri "kufufuliwa mwezi ujao"? Kuku wanatagia kwenye buti! Leo mzee kaaga anakwenda kunyoa, nami mbio nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje na kreni.

Likanyanyuliwa. Likaning'inia hewani. Kioo cha dereva kikashuka taratibu.

BABA MKWE YUMO NDANI!! Kumbe hakwenda kunyoa popote. Kaketi, kashika usukani kwa mikono miwili!

Nikajua leo narudishwa kwetu. Mzee akachungulia chini, machozi yanamlengalenga: "Mwanangu, wanangu wa kuzaa wananicheka. Kumbe wewe ndiye wa kunipelekea gari gereji!"

Ningesema nini, shoga? Nikasema, "Ndiyo, baba."

NDIYO, BABA! Mimi!

Sasa tuko gereji. Fundi kafungua boneti, kaifunga, kaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu.

Na mzee kagoma kushuka. Eti atashuka likiwaka.