Picha za Zuhura Zimefungwa

Jumatano, baada ya isha

Kompyuta mpya ni nzuri, haina neno. Lakini yanifaa nini?

Mwanangu Rukia ameshinda hapa akihamisha picha kutoka ile kuukuu. Zangu zimekuja zote, hata ile niliyoshika nguru mkubwa kama mlango, ambaye niliapa barazani kuwa nimemvua mwenyewe. Nilimnunua sokoni Marikiti.

Za marehemu mamake zimekuja, lakini hazifunguki. Zuhura kila akitoka harusini alizitia kompyutani picha zake pamoja na za wenziwe, akazifunga kwa neno la siri, maana mna wake za watu hawakujifunika. "Hata wewe, babake Rukia, huzioni," akinambia. "Jicho lako nalijua." Nami nikicheka.

"Baba, neno lenyewe ni lipi?" Rukia kaniuliza.

"Mamako hakuwa na siri kwangu," nikajigamba. Tukajaribu jina lake, jina langu, la paka, hata la mtaa. Wapi!

"Ama kumbe mke humjui, baba?" Alinitania tu, kama ninavyomtania. Nikaliandika jina la mamake tena.

Zuhura hakupenda kupigwa picha ila harusini, akiwa na wanawake wenziwe. Nje ya hizo iko moja tu, ya kitambulisho, amenuna. Uso wake ukicheka umo humu ndani, mbele yangu, na sina njia.

Nimefumba macho nimuone mwenyewe, bila kompyuta. Kila nikimuona, amenuna vilevile kama kwenye kitambulisho.