Bisi Ananivuta

Jumatatu, 7 Oktoba

Njiani tena na Bisi. Au tuseme Bisi njiani na mimi, maana anayeamua ni yeye. Kilo nne, labda tano. Mimi miaka hamsini na mbili, kitambi cha heshima, navutwa mpaka barabara ya Irente kama mkokoteni. Daktari alisema fundi cherehani anayekaa kutwa lazima atembee, presha ishuke. Binti yangu Neema akaleta kijibwa hiki kutoka Tanga ili nisipate kisingizio. Leo nilipofika barabarani presha ilikuwa imepanda. Naijua, masikio yanavuma.

Kiganja kimechubuliwa na kamba ya manila. Sare za shule nimezishona kwa vidole vitatu. Nina hasira.

Jumanne, 8 Oktoba

Wazungu watatu wenye fimbo za kupandia milima. Wakasimama, wakapiga picha. Si ya milima. Yangu: mkono mbele, mwili nyuma, kofia upande. Bisi anakoroma kwa kujinyonga mwenyewe.

Nimemwambia mke wangu kwamba mbwa huyu ni mjinga. Akauliza, "Kwenye kamba hiyo, mjinga yuko upande gani?" Sikucheka. Nimekunywa chai, nikarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Balaa. Njia yetu ya kufika barabarani inakatiza shambani kwa Mama Hadija, jirani wa chini, mkulima wa hoho na kabichi. Tunapita kwa hisani yake tu. Kuku wake akakatiza. Bisi akaruka, mimi nikafuata kwa tumbo. Nikatua juu ya kitalu cha hoho. Nusu ya miche imekwisha. Udongo umebaki na umbo langu, kitambi na vyote.

Nikainuka na tope mdomoni, nikasema, "Shikamoo, mama." Ndilo lililonijia.

Hakuitikia. Alitazama miche kwanza. Kisha, "Fundi, wewe utapita. Huyo mwenzako nampa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Kama hajajua kutembea, nisimwone hapa." Akaongeza jambo kwa Kishambaa ambalo siliandiki.

Hana kosa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Na njia nyingine hakuna, upande wa pili ni korongo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempigia binamu yangu Elieza, Mazinde. Yuko tayari kumchukua. Atamfunga mnyororo zizini. Kule chini ni joto, na mbwa zake wawili kila mmoja ana kichwa kikubwa kama Bisi mzima. Hatamaliza mwezi. Najua. Hata hivyo nimemwambia aje tarehe ishirini.

Mke wangu haongei nami tangu mchana. Neema sijamwambia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempiga.

Kwa ncha ya kamba, mara mbili, kwa sababu alinivuta tena pale kwenye kona. Hakulia. Alijilaza chali, mkojo ukamtoka. Kina mama waliokuwa wanashuka sokoni na matenga ya mboga wakasimama wote kwa pamoja. Nikajiona kwa macho yao: mtu mzima, suruali imepigwa pasi, anachapa kitu kinachoenea kwenye kofia.

Sasa yuko chini ya cherehani. Hanitazami. Hasira ileile, ila leo haina pa kwenda isipokuwa kwangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Hadija, bila mbwa, kumsaidia kurudishia miche iliyopona. Nilipiga magoti kwenye tuta na suruali ya kanisani. Adhabu ndogo. Alimaliza upande mmoja wa tuta, halafu akaniuliza:

"Fundi, kwenu mlikuwa mnapelekaje mbuzi mnadani?"

"Tunamtanguliza, mama. Tunamswaga kwa nyuma."

"Na huyo wako?"

Nikashindilia udongo kwenye mche.

"Nakuona kila asubuhi. Unamtanguliza, unakimbia kwa mwendo wake, halafu unamgombeza kwa nini katangulia. Akivuta anafika. Kwa nini asivute?"

Nikauliza nifanye nini. Akasema nisimame. Nisivute, nisipige, nisiseme. Kamba ikilegea, twende. Ikikaza, nisimame tena, hata kama ni mpaka magharibi. Nikamuuliza amejifunzia wapi mambo ya mbwa.

"Mbwa sijafuga. Nimelea watoto saba."

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya tatu ya kusimama. Hatua nne, kamba, simama. Hatua mbili, simama. Kutoka mlangoni hadi bombani nusu saa. Akirudi ubavuni nampa dagaa. Kwanza alikuwa anaogopa mkono wangu hata wenye dagaa. Nilistahili.

Watu nao hawana huruma. "Fundi, umesahau ulikokuwa unakwenda?" "Fundi, basi la Mombo halisimami hapo!" Nimewajibu kwa meno tu. Kazi imelala, wenye sare wamenuna.

Jioni hatua ishirini kamba ikiwa legevu. Ya ishirini na moja akaona mjusi. Nimemtukana mjusi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Njia tupu anaiweza. Kuku bado. Nimemjaribu kwa jogoo wetu mara nane. Saba ameshindwa.

Neema amepiga simu, kauliza Bisi hajambo? Nikasema hajambo. Najichukia.

Jumapili, 20 Oktoba

Elieza amefika saa nne na tenga lenye kifuniko. Nikamwambia subiri.

Mama Hadija alikuwa amesimama juu ya tuta, na kuku wote nje. Makusudi, nina hakika. Tukashuka. Tetea akapita mbele ya pua. Kamba ikakaza. Nikasimama. Sikuvuta. Mkono ulitaka, wallahi ulitaka. Bisi akalalama, akatetemeka, akamwangalia yule kuku mpaka akapotea. Halafu akageuka, akarudi mguuni kwangu.

"Haya," akasema Mama Hadija. "Piteni, wote wawili."

Elieza amekasirika. "Umenipandisha milima yote hii nije nione mbwa amesimama?" Amekula ugali akinisema, ameondoka na kabichi nne ndani ya tenga. Mke wangu amenipakulia nyama mara ya pili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Manyunyu tangu alfajiri. Tulipopita, Mama Hadija alikuwa anahamisha miche ya hoho peke yake. Nikaingia kumpokeza, mche mmoja mmoja, mpaka matuta mawili yakaisha.

Nilipotaka kuondoka nikatafuta kamba mkononi. Sikuwa nayo. Ilikuwa imelala njiani kwenye tope, sijui tangu saa ngapi, na mwishoni mwake Bisi, amelowa, ameketi, anatazama kuku.