Mkono wa Mutie ni Wake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kibwezi, 15 Machi 2024
Jina: Nduku Musyimi. Umri: miaka 41. Kazi: msusi. Makazi: Kibwezi, nyuma ya soko.

Mimi ni dada mkubwa wa Mutie Musyimi, kinyozi, ambaye mmemfungia hapa seli. Mama yetu ameketi nje kwenye benchi, na hatapenda nitakayosema.

Tangu utotoni shingo ya Mutie humruka, bega hupanda, na koo hutoa mlio kama wa kukohoa. Daktari alituambia ni mishipa ya fahamu, si pepo wala bangi. Anaweza kuizuia hali hiyo kwa muda, kama mtu anavyozuia chafya. Akishika mashine au wembe hutulia kabisa. Akimaliza kichwa kimoja huenda nyuma ya duka akajiachilia, kisha hurudi kumwita anayefuata. Hajawahi kumkata mtu.

Mnamo tarehe 14 Machi, mwendo wa saa kumi jioni, nilikuwa nasuka mteja mlemle dukani. Mutie alikuwa akimnyoa mzee Mwau. Jirani yetu Kyule Mbuvi, fundi wa simu, aliingia akaanza kuigiza shingo ya Mutie, kama kawaida yake. Wateja walicheka. Mimi nilishachoka naye zamani, afande, siwezi kuficha. Mutie aliendelea kunyoa.

Kyule akasema, "Mzee, chunga hiyo sikio. Pepo ya huyu ikiamka, utarudi nyumbani na moja."

Mzee Mwau aliinuka na kichwa kilichonyolewa nusu, akatoka.

Mutie alizima mashine. Akaiweka kwenye rafu. Akakunja kitambaa. Ndipo akamzaba Kyule kofi, naye akaanguka, mdomo ukagonga sinki, meno mawili yakang'oka.

Mama ameniomba niseme mkono uliruka wenyewe. Nawe afande umeniuliza mara mbili kama hakuweza kujizuia. Najua nikikubali, huenda akalala nyumbani leo. Lakini nilipomletea chai asubuhi aliniambia, "Dada, usiseme ni ugonjwa. Ukisema mkono inajirukia, nani ataniletea kichwa tena?" Alisema hayo akiwa ametulia. Nilipofika mlangoni nikasikia koo lake likianza, na nikalia.

Kwa hivyo andika: aliweza kujizuia. Amejizuia miaka mingi. Jana alimpiga Kyule kwa hasira, kwa mkono wake mwenyewe.

Nimesema niliyoyaona. Nimesomewa, na sitaki neno liondolewe.

Sahihi: N. Musyimi

Yameandikwa nami, Konstebo Wangui Kiama. Shahidi alipewa nafasi ya kuongeza jambo kuhusu ugonjwa wa mshukiwa; alikataa. Shahidi anayefuata: Mwau Kaveke, miaka 70. Kichwa chake bado kimenyolewa nusu. Anasema anamngoja Mutie.