Bismillah Ndani ya Amplifaya

Sheffield, Jumapili asubuhi

Abayo Halima, dada yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani Kiwanjani. Macho ya baba yetu Aabo yanaendeleaje? Na stima, bado inapotea kila ukishika chuma cha kulehemu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ingawa baridi ya huku inanikera kama siku ya kwanza. Roho ndiyo haijatulia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Abayo, simu wewe huwa unaiweka spika, na Aabo yuko hapo hapo kando ya meza yako ya kazi anasikia mpaka pumzi zangu. Ndiyo maana nitampa barua huyu mama wa Garba Tulla anayekuja huko kuwaona watoto wake, na nimemsihi aitie mkononi mwako. Isome kwanza peke yako. Aabo msomee salamu tu, halafu mwambie kazi inaendelea vizuri.

Kazi haiendelei vizuri.

Unajua tunatengeneza amplifaya za gita, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka kama balbu, jamaa za ile ya msikitini ambayo Aabo aliifufua mara sijui ngapi. Wanamuziki wa huku wanazipenda valvu kama mama yetu Hoyo anavyopenda chai ya maziwa ya ngamia. Bei inategemea kilichomo ndani. Ile ambayo kila waya umeungwa kwa mkono inauzwa bei ya ngamia watatu wa maziwa. Ile yenye bodi, ambayo njia za umeme zimechapwa na mashine, ni ngamia mmoja, na muuzaji akishikwa vizuri anapunguza. Wala sisemi bodi ni kitu kibaya. Bodi nene, valvu zikiwa zimefungwa kwenye bati mbali nayo, ni kazi safi, na hata wewe ungeipokea mezani kwako bila kukunja uso.

Karakana yetu ilijulikana kwa kazi ya mkono. Nami niliingia na tabia ya nyumbani. Unaikumbuka penseli ya Aabo? Kabla hajagusa redio ya mtu, aliandika Bismillah ndani ya kifuniko, kwa herufi ndogo za Kiarabu, ndipo achukue chuma. Siku niliyoirudisha kapasita kuukuu kwenye redio ya mwalimu, nikidhani hataona, alinishika sikio. "Waryaa! Umeandika jina ya Mungu hapa, halafu unawekea mtu kitu imekufa? Futa jina ama fanya kazi. Chagua moja." Nilifanya kazi upya huku nalia, na wewe ulikuwa unanicheka.

Basi huku pia nikawa naandika, kila amplifaya, bila hata kufikiri. Siku moja tajiri wangu, Bwana Martin, akafungua moja akaona. "Hii ni sahihi yako?" akauliza. Nilikuwa nimebana skrubu mbili midomoni. Nikaitikia kwa kichwa ili aondoke niendelee na kazi. Abayo, ubaya wote ulianzia kwenye hizo skrubu mbili.

Akaipiga picha, akaiweka kwenye tangazo, kwamba kila amplifaya imetiwa sahihi na fundi aliyeiunga. Wateja wakaanza kuulizia hiyo yenye sahihi. Kuna mmoja aliyejua kusoma herufi zenyewe, akawatamkia wenzangu bila kueleza maana, na tangu hapo karakana nzima inaniita Bismillah. Nilipokupigia nikakusimulia, Aabo alicheka mpaka akakohoa. Uliniambia Ijumaa ile aliwaambia safu nzima msikitini kwamba kijana wake amewafanya Wazungu wataje Bismillah kila asubuhi kabla ya kazi. Baada ya hapo ningewezaje kumwambia Bwana Martin ukweli? Nilijivunia pia, nisikudanganye.

Mwaka huu zikaanza kuja bodi. Nyembamba, na soketi za valvu zimechomelewa juu yake moja kwa moja. Wewe ni fundi, sihitaji kukueleza joto la valvu linaifanya nini bodi ya namna hiyo. Mimi naunga waya wa spika na waya wa stima, mbili tu, na kwenye boksi bado kumeandikwa kazi ya mkono. Bei haikushuka. Imepanda.

Na kwa kuwa siwezi kuandika haraka kama bodi zinavyoingia, amechongesha muhuri wa mwandiko wangu. Bodi zikifika, zinagongwa zote. Zilizopasuka zinatupwa kwenye pipa, na jina la Mungu liko juu yake. Nimekuwa nikiziokota jioni na kuzipeleka chumbani. Chini ya kitanda kuna gunia zima, mpangaji mwenzangu anadhani nauza vyuma kuukuu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wiki tatu zilizopita alikuja mzee mmoja, mwokaji mikate aliyestaafu, anapiga gita kanisani kwake. Kiinua mgongo chake alikitumia kununua amplifaya yetu. Amplifaya yake ilitoa moshi katikati ya ibada. Niliifungua mbele yake. Bodi imekuwa nyeusi kama sufuria ya harusi, njia za shaba zimebanduka, na juu ya weusi huo muhuri unasomeka vizuri, herufi zote.

Yule mzee hakuangalia kilichoungua. Aliweka kidole kwenye muhuri. "Nilinunua hii kwa sababu yako," akasema. "Wewe ndiye Bismillah?"

Nikasema ndiyo.

Niliisema kauli hiyo kwa mdomo mtupu, bila skrubu yoyote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona tangu nizaliwe, na bado niliandika stakabadhi, nikampa, akaenda zake akiniamini.

Siku tatu sikulala vizuri. Kisha nikaitoa ile bodi yote, nikaiunga amplifaya yake waya kwa waya, saa za chakula cha mchana, kwa vipuri vyangu mwenyewe. Alipokuja kuichukua nilimketisha nikamwambia hilo si jina langu, mimi naitwa Yusuf, na hilo ni neno la kuanzia kazi, na kazi ile sikuifanya mimi. Aliinama akaitazama ndani. Halafu akauliza, "Na hii ya sasa?" Nikamwambia hii ni yangu, ila sijaandika kitu. Akaibeba akaondoka, hata asante hakusema, na sikumlaumu.

Ijumaa nilimweleza Bwana Martin yote, maana ya neno na habari ya bodi. Hakukasirika, hilo ndilo lililoniumiza. Alisema wateja wamelizoea, na kwamba kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwenye karakana yake, nifikirie mpaka Jumatatu. Muhuri akauacha mezani pangu. Nimeuleta chumbani. Uko hapa kando ya karatasi, na kesho sitaurudisha.

Kwa hiyo, Abayo, nisafishie ule upande wa meza uliokuwa wangu. Najua umeujaza redio zako, zisogeze kidogo tu. Huenda nikafika kabla ya mvua.

Msalimie sana Hoyo, mwambie ile fulana aliyonifumia ndiyo inanishikilia. Msalimie bibi yetu, ayeyo, na shemeji yangu mwenye lori la mbuzi, na mjomba wa Chechelesi asiyekubali kushindwa kwenye mazungumzo. Binamu zetu wa Kulamawe pia, mvua iwanyeshee.

Nimesoma tena niliyoandika huko juu, kwamba Aabo umsomee salamu tu. Nilitaka kukata mistari hiyo, nimeiacha uone nilivyokuwa naogopa. Msomee yote. Mpaka pale niliposema ndiyo, usiruke. Akinyamaza, kaa naye. Akinitukana, niandikie maneno yake kama yalivyo, kwa penseli yake.

Ni mimi mdogo wako,
Yusuf