Mfalme Anazikwa Kipindi cha Pili

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo nimeua! Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi. Nilipanda jukwaani saa tisa na lile koti langu la Doha, nikachambua anime, katuni ya Kijapani, iitwayo Mfalme wa Chumvi, dakika ishirini bila karatasi. Nimeipa pea tano za akala. Pea tano! Mimi hupima kwa akala kwa sababu ndizo ndara ninazoshona kwa matairi sokoni Kariokor, na katika miaka mitatu ya kuchambua hapa mtaani Maringo hakuna iliyowahi kupata tano. Fundi wa Mvua ilipata nne, tena kwa sababu ya lile joka lenye mafua.

Hadithi yenyewe: mfalme mzee anaokota kitoto cha kike, Sayo, kwenye shamba la chumvi. Kipindi cha pili — mfalme anazikwa! Hakuna maelezo. Mara Sayo keshakuwa mtu mzima, anapigana na mashine zilizoshuka kutoka angani, anashinda. Halafu vipindi vinane vinarudi nyuma, mfalme yuko hai, anamlea. Anamfundisha kuogelea. Anaunguza wali. Nikawaambia, huyu mtunzi ametuonyesha kaburi kwanza, kisha akatufanya tumpende aliyemo! Hapo ndipo makofi yalipoanza.

Musyoka, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutazama anime, akatangaza: Jumamosi ijayo inaonyeshwa yote, kuanzia saa nne asubuhi. Uchambuzi wangu keshautuma kwenye grupu letu la simu. Watu mia mbili na kumi na wawili wananisikiliza, nami niliachia shule kidato cha pili. Wenye digrii wanyooshe mikono!

Jumatatu, 8 Septemba

Kuna binti anaitwa Wacera, wa mtaa wa Jericho, anasomea Kijapani chuoni. Mpole. Hunyamaza wiki nzima. Leo kaandika kwenye grupu: Hongera Buda Idarusi, umeongea vizuri, lakini mfalme anakufa kipindi cha tisa. Wewe uliangalia ipi? (Buda, yaani mzee, ndivyo vijana wanavyoniita.)

Nikajibu papo hapo: Toleo la Doha. Uarabuni wanapanga vingine.

Nani atanibishia? Nilikaa kule miaka miwili, nikilinda mlango wa duka la marashi. Ulimwengu nimeuona ukipita na mifuko. Mwenzetu Kui akaandika, Wacera, mwache mzee, yeye ametembea. Kicheko. Nimemaliza kazi.

Hata hivyo, kipindi cha tisa? Mbona?

Jumanne, 9 Septemba

Balaa.

Shamsia, dada yangu, kaja na mbaazi za nazi na mahamri. Tunakula, TV imewashwa, orodha ya vipindi kwenye flashi iko wazi. Akasema, na mdomo umejaa:

"Kaka, mbona baada ya moja inakuja kumi?"

Nikatazama. 1. 10. 11. 12. Halafu 2, 3, 4, mpaka 9. TV inapanga kwa tarakimu ya mbele! Nami nilibonyeza tu, nikaendelea kubonyeza, mfalme akazikwa kabla hajaishi!

Nilikaa sakafuni. Kisha nikakumbuka Mtaa wa Sayari ya Saba — ile ya mwaka jana, ambamo roboti anashonwa mkono kabla haujakatika. Nilimtukana mtunzi wake mbele ya watu tisini. Nilimpa akala moja. Ya kushoto! Maskini ya Mungu, kumbe mkono ulikatika kwenye cha tano. Nikamwomba msamaha kwa sauti, nikiwa nimeielekea TV. Samahani ndugu yangu huko Japani, ulifanya kazi yako, mimi ndiye sikufanya yangu.

Shamsia alicheka hadi mbaazi zikampalia. Alipopata pumzi akasema, "Kaka, nenda ukawaambie."

"Niwaambie nini?"

"Ukweli. Ni TV, si ukoma."

Alhamisi, 11 Septemba

Wacera ametuma picha ya orodha kutoka kwa wenyewe waliotengeneza. Vipindi kumi na viwili. Hakuna cha Doha.

Grupu linawaka moto. Mutisya mwenye bucha anauliza wateja: unataka nyama ya kawaida ama toleo la Doha? Nimepita hapo leo nikijifanya naongea na simu.

Jioni Musyoka kanipigia. Sauti ya huruma, ile ya kupeleka habari za msiba. Watu wanataka Wacera achukue kiti cha mchambuzi. Jumamosi, tukimaliza kuonyesha, mikono itainuliwa. Nikamwambia sawa, Chairman. Nikacheka. Simu ilipokatika sikucheka.

Siku sita nakata matairi. Mteja anainua akala, anaikunja, anasema hii ngumu, anairudisha. Hakuna anayeniuliza naonaje jambo lolote. Siku ya saba mtu anasema, nyamazeni, Idarusi anaongea. Hicho kiti ni cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya. Nakitaka.

Basi nimeiangalia upya, sawasawa, moja mpaka kumi na mbili. Mwisho ni bendera, milipuko, tarumbeta. Nzuri. Pea tatu. Mfalme keshasahaulika! Nikairudia kwa mpangilio wangu mbovu. Nikalia palepale nilipolia mara ya kwanza.

Naapa, ya kwangu ndiyo tamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa nne na nusu. Naandika nikiwa safu ya nyuma, daftari gotini. Nimeshasema! Nimesema yote!

Nilisimama bila koti. Nikawaambia hakuna toleo la Doha, kuna flashi, kuna TV, na kuna mjinga aliyebonyeza. Nikataja hata roboti. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mutisya alijishika tumbo, akasema msee huyu alikwenda matanga kabla mtu hajaugua.

Wakatulia. Nikasema, nina ombi moja kabla ya mikono. Tuiangalie kama nilivyoiangalia mimi. Kelele! Mmoja akapiga kelele, tuwekee mambo yaliyonyooka! Ndipo Wacera akasimama.

"Mimi nimeiona ikiwa imenyooka," akasema. "Sina cha kupoteza. Tuweke ya Buda. Lakini rimoti nashika mimi."

Binti mzuri. Ningekuwa na mtoto ningetaka awe na shingo ngumu namna hiyo.

Saa tano na ushei. Tumeona cha kwanza, cha kumi, cha kumi na moja. Wananung'unika. Mutisya anauliza kwa sauti, huyu mzee alikufa lini, mbona hatukualikwa? Watatu wametoka.

Saa sita na nusu. Hawanung'uniki tena. Kwenye cha nne mfalme ameunguza wali, Sayo anaula wote ili asimvunje moyo. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Nikamsikia Mutisya akimwambia jirani yake, polepole, "Na kaburi lake tumeshaliona."

Wale watatu wamerudi. Na chips.

Saa nane kasoro. Cha tisa ndicho hiki, cha mwisho kwetu. Alfajiri. Mfalme anakwenda kuzikabili zile mashine, anajua harudi. Hamwamshi Sayo. Anainama pale mlangoni — magoti yanamsumbua, mnasikia yanavyolia — anachukua viatu vya mtoto, anavigeuza vidole vielekee nje. Ili akiamka akimbie moja kwa moja. Anatoka. Mlango.

Basi. Kioo kimekuwa cheusi.

Hakuna anayepiga makofi. Hakuna! Nimetazama migongo yao. Musyoka amesimama kuhesabu mikono, karatasi mkononi, amefungua mdomo —

"Weka cha kumi."

Ni Bi Nasambu. Huyu alikuja kuwachunga wajukuu tu, katuni hazimhusu, kutwa nzima anashona fulana. Musyoka akamwambia kwa heshima, mama, cha kumi tumekiona asubuhi, ndicho cha mazishi.

"Nilikiona nikiwa simjui," akasema. "Kiweke. Nataka kumzika nikimjua."

"Weka cha kumi!" Huyo ni Mutisya, na sauti yake si ya bucha.

Sasa ni ukumbi mzima. Cha kumi! Cha kumi! Watoto wanapiga viti. Musyoka anapunga karatasi yake, na kura je? Wanamwambia aketi, anawaziba!

Wacera yuko mbele na rimoti. Amegeuka. Anapita na macho safu kwa safu, ananitafuta, amenipata.

"Buda, niweke?"

Ananiuliza mimi. Wote wamegeuka, wamenyamaza, wananingoja niseme —